Nimemfukuza mtunza stoo kwa ujumbe wa sauti, sasa naitwa CMA. Nitafute wakili Dar?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, nafanya biashara ya dagaa hapa Igombe, Ilemela. Nilianza na ndoo tatu nikipanga pale Mwaloni Kirumba. Leo nina eneo langu lenye chanja za kuanikia, stoo, Canter moja, na wateja wanaochukua mzigo mpaka Kongo. Wafanyakazi wa mshahara ni 6. Akina mama wa kuanika na kuchambua wanakuwa kati ya 15 na 20, inategemea giza. Mbalamwezi ikitoka wavuvi hawaingii ziwani, na wao wanabaki nyumbani. Hao nawalipa kwa siku, jioni, mkononi.

Shida yangu ni mtunza stoo. Nilimtoa Nansio, Ukerewe, miaka minne na miezi mitano iliyopita, kwa sababu mama yake na mama yangu walikuwa wakisali pamoja. Mshahara wake ni 400,000 kwa mwezi. Mkataba wa maandishi hatuna, tulielewana kwa mdomo. Mwezi uliopita mzigo ulipohesabiwa, magunia 9 yakakutwa hayapo. Daftari linaonyesha yameingia, stoo hayaonekani. Nilizipata habari hizo nikiwa safarini Shinyanga, hasira zikanipanda, saa nne usiku nikamrekodia ujumbe wa sauti WhatsApp: "Kesho nisikuone hapo. Funguo mwachie mlinzi. Na mshahara wako wa mwezi huu ndiyo malipo ya magunia yangu." Hakujibu kitu. Asubuhi funguo zilikuwa kwa mlinzi.

Siku ya 21 akaja kijana na karatasi, fomu namba 1 ya CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtunza stoo anadai nimemwachisha kazi isivyo halali. Anataka fidia ya mishahara ya miezi 12, notisi, likizo za miaka miwili, kiinua mgongo, ule mshahara niliouzuia, na nauli ya kumrudisha Ukerewe. Usuluhishi ni wiki mbili kuanzia leo. Usingizi sina.

Kila mtu ananishauri lake. Shemeji yangu aliyeko Dar anasema kesi za kazi za waajiri ni za kampuni kubwa za mawakili wa Dar, kwamba Mwanza hakuna watu. Amenitajia bei, na nauli ya ndege na hoteli vyote juu yangu. Jirani yangu wa sokoni anasema nisiende, nikinyamaza itakufa yenyewe. Halafu kuna mzee mmoja anajiita wakili, anashinda kwenye kibanda cha fotokopi karibu na stendi. Anataka 300,000 "za kumaliza kila kitu", kwa kuwa anamfahamu msuluhishi.

Niende wapi, mama? Mfanyabiashara wa size yangu anahitaji kweli kampuni ya mawakili? Na magunia yangu 9, ndiyo basi tena?

Wabeja sana.
Mama wa Dagaa, Igombe

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukosa usingizi.

Nianze na jirani yako wa sokoni, maana ushauri wake ndio utakaokuumiza mapema kuliko wote. Usithubutu kutokwenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa msuluhishi uwezo wa kuamua shauri pale mlalamikiwa asipotokea. Yaani siku hiyo wewe uko Igombe unageuza dagaa juani, na mjini unatolewa uamuzi ambao hukusema ndani yake hata neno moja. Kuja kuufungua upya ni safari nyingine na pesa nyingine. Tena huo usuluhishi unaoukimbia ndio mahali pepesi kuliko pote utakapopita katika jambo hili: mnakaa mezani watatu au wanne, na mnachoongea pale hakitachukuliwa kesho kuwa ushahidi dhidi yako, hata kama hamtaelewana na shauri likasonga mbele kwa mwamuzi.

Yule mzee wa kibanda cha fotokopi ni kishoka. Wakili hauzi ujamaa wake na msuluhishi. Akikutamkia neno hilo, chukua mkoba wako uondoke. Mahakama ina mfumo wake mtandaoni unaitwa e-Wakili. Unaandika jina la mtu, unaona kama kweli ni wakili na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Ni jambo la dakika mbili kwenye simu, na lifanye kwa kila wakili utakayemwendea, hata mwenye ofisi yenye kiyoyozi na vioo.

Sasa la shemeji. Simlaumu, anakupenda, lakini hajui jambo hili linavyokwenda. Mgogoro wa kazi husikilizwa na ofisi ya CMA ya eneo ulikotokea, kwa hiyo wako utasikilizwa Mwanza. Ukienda kwa marejeo Mahakama Kuu, napo kuna Kanda ya Mwanza hapahapa. Wakili wa Dar atapanda ndege kwa kila kikao, na vikao huahirishwa: leo mlalamikaji anaumwa, kesho mwamuzi ana dharura, keshokutwa karatasi fulani haijafika upande wa pili. Kila ahirisho unalipia tiketi. Mimi nilikaa ofisi ya utumishi ya kiwanda kimoja cha minofu ya samaki hapa Mwanza kwa miaka 19, na mawakili walionifundisha kazi hii vizuri kuliko wote walikuwa wa hapa mkoani. Hawakuwa na ofisi kubwa, lakini waliijua shifti ya usiku inavyobadilishwa, walijua kibarua wa mwalo analipwaje, na ukiwapigia saa moja asubuhi, saa tatu wako getini.

Shemeji amegusa ukweli upande mmoja tu: si kila wakili wa Mwanza anaijua sheria ya kazi. Wengi wanashika kila kitu, viwanja, mirathi, talaka, jinai, na ya kazi wanaichukua ikipita. Wewe unamtaka ambaye migogoro ya kazi ndiyo mkate wake wa kila siku, na ambaye amezoea kukaa upande wa mwajiri, kwa sababu kumtetea mwajiri kunaanza ofisini kwako, kwenye mafaili, miezi mingi kabla ya CMA. Utamjuaje? Muulize mwaka jana alisimama CMA mara ngapi na kwa upande gani. Muulize ni nani hasa atakayekwenda na wewe siku ya kikao, yeye au kijana aliyeajiriwa juzi. Muulize kama tayari hajamshika mkono mtunza stoo wako, maana mji wetu ni mdogo. Halafu muulize swali hili: marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika mwanzoni mwa 2025 yamebadilisha nini kwenye fidia na kwenye mikataba ya muda maalumu? Ukiona anazungukazunguka, mshukuru uende kwa mwingine. Kwa miaka mingi kiwango cha chini cha fidia kilikuwa mishahara ya miezi 12 kwa kila aliyeachishwa isivyo halali, na watu wengi bado wanaimba wimbo huo wa zamani. Unayemtaka ni anayejua sheria ilivyo leo.

Ukimpata, kaa naye na umwambie yote, pamoja na ujumbe wa sauti. Usiufute! Mwenzako anao kwenye simu yake, na ukiufuta kwako utaonekana unaficha.

Naye akiwa mkweli atakuambia jambo ambalo nitakuambia mimi sasa hivi, ili usilisikie mara ya kwanza mbele ya msuluhishi: katika shauri hili wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha. Aliyeachishwa akishaonyesha kwamba ameachishwa, mwajiri ndiye anayeonyesha kuwa alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Vyote viwili. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali namba 42 la 2007, zimeeleza utaratibu huo: unachunguza kwanza, unamwandikia tuhuma kwa lugha anayoielewa, unampa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, anakuja kwenye kikao cha nidhamu akiwa na mwenzake wa kumsaidia akitaka, kikao kinaongozwa na mtu ambaye hakuhusika na tukio lenyewe, anajieleza, anauliza maswali, na uamuzi unatolewa kwa maandishi pamoja na sababu zake.

Niliwahi kumwona mtu aliyekutwa na minofu ndani ya buti lake la mpira pale getini, mlinzi akaitoa moja moja na kuiweka kwenye trei, watu wanaangalia. Kiwanda kililipa fidia. Kwa nini? Barua ya kumwita kwenye kikao alipewa saa tatu asubuhi, na kikao kikafanyika saa tano. Tulikuwa na minofu kwenye trei, lakini zile saa 48 hatukuwa nazo.

Wewe huna hata trei. Katika barua yako yote, mwanangu, sijaona mahali ulipomuuliza. Ulikuwa Shinyanga. Nani mwingine ana ufunguo wa stoo? Dereva wa Canter anapakia saa ngapi, na nani anasaini? Mlinzi anaandika magari yanayotoka? Inawezekana kabisa ameyachukua yeye. Inawezekana pia kuna mtu mwingine anakula chakula chako vizuri hadi leo, na funguo zimebaki kwa mlinzi. Hilo linaniuma zaidi ya pesa, kwa sababu ni mtoto wa mama aliyesali na mama yako, na ameondoka na jina la mwizi bila kuulizwa.

Tuhesabu, ili uingie kwenye kikao ukijua unachobeba. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, ambayo kwa kawaida huhesabiwa mshahara wa mwezi: 400,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Yeye ametimiza 4, hizo ni siku 28. Ukigawa mshahara wake kwa siku 26 za kazi unapata kama 15,385 kwa siku, jumla inakaribia 430,000. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, na kama kweli hukumpa kwa miaka miwili, ni 800,000. Mshahara uliouzuia, 400,000. Hapo tayari ni kama 2,030,000. Ongeza fidia anayoidai, miezi 12, yaani 4,800,000, unakwenda karibu milioni 6 na laki 8. Na mwamuzi, badala ya fidia, anaweza kuamuru arudishwe kazini kana kwamba hakuwahi kuondoka, pamoja na mishahara ya muda wote aliokaa nje.

Nauli ya Ukerewe usiione ndogo. Mfanyakazi anayeachishwa mbali na mahali alikoajiriwa anastahili kusafirishwa kurudi huko yeye na mizigo yake, na mpaka utakapomsafirisha, posho ya kujikimu inahesabika kila siku. Nimeona waajiri wakisahau jambo hili miezi, halafu posho inakuwa kubwa kuliko kiinua mgongo. Kama ulimwajiri kutoka Nansio, mweleze wakili hivyo bila kupunguza. Na usimkane eti ulimkuta Mwanza. Kwa kuwa hukumwandikia mkataba, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira umekuangukia wewe.

Ndiyo maana ushauri wangu, kabla hata wakili hajasema, ni kwamba uende usuluhishi ukiwa na nia ya kuelewana. Haki zake za wazi, ambazo angezipata hata kwa kuondoka salama, ziweke mezani kamili bila kuvuta. Majadiliano yawe kwenye fidia peke yake: miezi mingapi, kwa awamu ngapi, na cheti chake cha utumishi utampa lini. Mkielewana mnasaini, na makubaliano hayo yana nguvu ya kutekelezwa kama amri ya mahakama, kwa hiyo usisaini awamu usizoziweza wakati wa mbalamwezi. Sema wazi kwamba biashara yako ina wiki za giza na wiki za ukame. Msuluhishi wa Mwanza ataelewa, na hii ni sababu nyingine ya kutaka wakili wa hapa.

Magunia 9: kumkata mshahara wote usiku mmoja ulikosea. Sheria inaruhusu kukata kwa hasara aliyosababisha mfanyakazi ikiwa kosa ni lake, amepewa nafasi ya kujieleza, amekubali deni kwa maandishi, deni halizidi hasara halisi, na makato hayazidi robo ya mshahara. Kama una ushahidi, wakili atakuambia la kufanya. Ukitaka kwenda polisi, usiende kabla hujazungumza naye, kwa sababu jinai na nidhamu ya kazini ni njia mbili tofauti, na ukizichanganya unaweza kujifungia mlango mmoja kwa mkono wako mwenyewe.

Umeniuliza kama mtu wa kiwango chako anahitaji kampuni ya mawakili. Hukuniuliza kuhusu akina mama wa chanja, ila ndio walionitia hofu kuliko mtunza stoo. Watu huwaita vibarua. Sheria inataja mkataba wa muda usiojulikana, wa muda maalumu, na wa kazi maalumu. Aina ya mkataba inayoitwa kibarua haimo. Na Sheria ya Taasisi za Kazi inasema mtu akikufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anachukuliwa kuwa mwajiriwa wako mpaka uthibitishe vinginevyo. Mama anayeanika saa 6 kwa siku, siku 8 tu za giza zimeshavuka hapo! Ukiwa na wanawake 15 waliokaa na wewe miaka mitatu, bila jina kwenye karatasi, bila NSSF, bila Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, siku mmoja akiteleza kwenye chanja akavunjika nyonga, utatamani shauri la mtunza stoo.

Kwa hiyo ndiyo, unamhitaji wakili, tena ungemhitaji mwaka jana zaidi ya leo. Lakini si wa kumlipa kama kampuni ya mgodi. Ofisi nyingi za mikoani hukubali mpango wa mwezi au wa miezi mitatu kwa biashara ndogo: kiasi kinachojulikana, na wewe unapata haki ya kupiga simu kabla ya kuandika barua yoyote ya onyo au ya kuachisha. Shauri lililopo sasa lifanyieni mapatano ya mkupuo mpaka mwisho wa usuluhishi, na likienda kwa mwamuzi mpange upya. Yote kwa maandishi, na udai risiti ya EFD. Kazi ya kwanza kumpa, jambo la CMA likitulia, ni mikataba ya hao 6 waliobaki na utaratibu wa akina mama wa chanja. Idai kwa Kiswahili. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo hakuna sababu ya wewe na mlinzi wako kusaini kitu ambacho hamkielewi. Kama gharama inakushinda kabisa, kaulizie uanachama wa Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, kwani sheria inaruhusu afisa wa chama cha waajiri amwakilishe mwanachama mbele ya CMA. Ila uliza mapema. Wiki mbili si nyingi.

Kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, fungua stoo ukiwa na mtu mmoja unayemwamini na mhesabu tena magunia yote, moja moja, muandike na kusaini wote wawili. Chukua daftari la kupokea, la kupakia, na orodha ya malipo ya mtunza stoo kwa M-Pesa au benki, yote miaka minne kama yapo. Tia kwenye bahasha moja na ile fomu ya CMA, ambayo juu yake utaangalia tarehe aliyoachishwa na tarehe aliyofungua, kwa sababu madai ya kuachishwa yana siku 30 tu; yeye kwa maelezo yako yuko ndani, lakini wakili atataka kuiona kwa macho. Bahasha hiyo ndiyo uende nayo mjini. Na ule mshahara wa mwezi uliouzuia, wakili akishakubali, mtumie kabla ya siku ya usuluhishi, kwenye namba yake ileile uliyomtumia ule ujumbe wa sauti.